Siku Mama Alipoulizwa Kama Mdogo Wangu Anafaa

Mama yangu hajawahi kumsifu mtoto wake mbele ya mtu. Si kwamba hana la kusifu. Mimi mwenyewe ni wa kusifiwa kabisa, waulize wanaokula maharage yangu pale stendi ya Kasulu. Ila kwao, Busunzu, mzazi akijiwa na watu wanaomtaka mtoto wake, iwe kwa ndoa, iwe kwa kazi, iwe kwa kwenda kuishi na ndugu mahali pengine, wajibu wake ni kumshusha. Anataja uvivu wake, ubishi wake, usingizi wake. Aliyekuja kuomba anasikiliza mpaka mwisho, halafu anajibu neno moja tu: tunamtaka hivyo hivyo alivyo. Hapo mzazi anapiga makofi taratibu, yale yale tunayopiga tukisalimia wakubwa, na mtoto anakuwa ametolewa kwa heshima.

Nilipokuwa msichana niliona ni maneno ya wazee tu. Sasa naona yana akili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtoto aliyetolewa kwa sifa atarudishwa siku sifa zikikosekana. Lakini aliyepokewa baada ya kasoro zake zote kutajwa, atarudishwa kwa sababu gani?

Mume wangu hakulijua hili. Yeye ni Mpare, aliletwa Kasulu na kazi ya maji ya serikali, akala kwangu maharage mpaka akaamua kunioa. Alikuja Busunzu na baba yake mdogo, mzee wa watu aliyetoka Same kwa mabasi, ameshika mwavuli. Mama akawakaribisha, akawapa viti vya wageni, akaanza. Akasema binti huyu akilala haamki, chumvi haijui, mdomo wake unaweza kuvunja ukoo. Yule mzee akaweka kikombe chini. Akamtazama mume wangu, mume wangu akanitazama mimi, kisha mzee akaomba kwa adabu kama wangeweza kwenda nje kidogo kushauriana. Wakatoka kweli. Ilibidi jirani awafuate nyuma ya nyumba, karibu na choo, awaambie kwamba hawajakataliwa, bali wanasubiriwa. Walirudi wakajibu inavyotakiwa na mama akapiga makofi. Lakini hajasahau. Mpaka leo, akitaka kumtaja mume wangu, anasema "yule aliyetoka nje".

Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa yaliyompata mdogo wangu huko Marekani.

Tulizaliwa wawili tu. Baba yetu alikuwa Mrundi, alivuka mpaka akiwa kijana, akamwoa mama ambaye ni Muha wa hapa hapa, akafariki kabla mdogo wangu hajamaliza kuota meno. Shangazi yetu, dada wa baba, yeye alikuja baadaye na akawekwa kambini. Hakuwa na mtoto. Alimwomba mama amsaidie upweke, na mdogo wangu akaenda kukaa naye, akasoma shule ya kambini, akaandikwa kule kama mtoto wa shangazi. Siku za sikukuu alikuwa anarudi Busunzu na Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa cha Wakongo, anasema "merci" kwa mbuzi.

Kisha shangazi akapata nafasi ya kuhamia Marekani. Wakubwa wa kambi walimwambia mtoto anaweza kwenda naye, ila mama mzazi akubali. Shangazi akaja Busunzu na pikapu ya mfanyabiashara wa maharage kumwomba, mdogo wangu akiwa nyumbani kwa sikukuu. Nilikuwepo, nilikuwa ndani nachemsha chai. Yalizungumzwa, yakaisha, na nilipotoka na vikombe niliona mdogo wangu ameshakaa kwenye pikapu, amenawa miguu, ameshika mfuko wake wa plastiki mapajani. Hakuaga vizuri. Alimpa mama mkono kupitia dirishani, akatazama mbele. Gari likaondoka na hakugeuka.

Mama hakulia siku ile. Alisema tu, "Ana haraka ya Marekani huyu." Na kwa miaka mingi, kila alipotajwa, mama alisema hivyo hivyo: alikuwa na haraka. Alisema kama mzaha, lakini mimi namjua mama, ule haukuwa mzaha.

Huko alikokwenda, mdogo wangu alisoma kama mtu anayefukuzwa. Shangazi alikuwa anafagia hospitali, na yeye mwenyewe aliosha vyombo katika jiko la chuo, akasoma sheria. Kazi yake ya kwanza ilikuwa uwakili wa serikali katika mahakama ya watoto. Kule mtoto akipigwa nyumbani au akikosa wa kumlea, serikali inamchukua, na mbele ya hakimu lazima awepo mtu wa kumsemea. Huyo ndiye alikuwa yeye. Nilipomweleza mama, aliwaza akasema kumbe amekwenda mbali kote huko kugombana kwa ajili ya watoto wa watu, na angeweza kugombana hapa hapa bila nauli.

Akapanda. Akaingia ofisi ya mwanasheria mkuu wa lile jimbo, akawa anaandika sheria zenyewe badala ya kuzisoma tu. Kisha gavana mmoja akamfanya naibu mkuu wa idara ya watoto na familia ya jimbo zima. Tulipika pilau siku ile. Lakini gavana yule akashindwa uchaguzi, na kule mkubwa akiondoka anaondoka na watu wake, mdogo wangu naye akatoka. Mama alishindwa kuelewa kabisa. Alinishika mkono jikoni akaniuliza kwa sauti ndogo, nimwambie ukweli, mtoto ameiba? Nikamwambia hakuiba, ni siasa. Akasema siasa haimtoi mtu asiyeiba. Ilichukua muda mrefu, na mume wangu ilibidi achore ardhini kwa kijiti, ndipo akakubali. Miaka ile mdogo wangu alifundisha sheria chuoni, na kila alipopiga simu sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Mtu angedhani mama hajali. Mimi ninayekaa naye hapa Kasulu tangu ahame Busunzu najua. Jioni akimaliza kusikiliza hali ya hewa redioni, wakishataja Kigoma na Kasulu, alikuwa ananigeukia anauliza, "Na kule kwake?" Nikimwambia redio ya Tanzania haitangazi kule, alikuwa anakunja uso kana kwamba redio imefanya makusudi. Na kwenye jumuiya, watu wakitaja nia zao za sala, yeye alisema tuombee yule mbishi. Hakusema zaidi.

Mwaka juzi alikuja gavana mwingine, akamtaka mdogo wangu arudi, safari hii awe mkuu wa idara ile ile. Cheo kikubwa. Lakini si cha kupewa tu. Kuna kamati ya wabunge wa jimbo inayokaa na kumhoji mtu, na kabla yake kuna kuchunguzwa, kama upekuzi wa serikalini kwetu, ila wao wanachimba zaidi. Wanawauliza walimu, majirani, mabosi wa zamani. Sasa yeye utotoni alikuwa kambini na Busunzu. Alinipigia akaniambia kwamba kuna mama mmoja wa ofisi ya uchunguzi angependa kuzungumza kidogo na mama, kama mzazi, kwa simu ya video, na mkalimani wa Kiswahili atakuwepo. Alisema ni jambo la kawaida, tusiwe na wasiwasi. Kisha akaniambia kazi hii anaitaka kuliko zote alizowahi kuzifanya, kwa sababu mkuu wa idara ile ndiye mwenye neno la mwisho mtoto akiondolewa kwao: aende wapi, kwa nani, na arudi lini.

Nikamweleza mama kwa Kiha kwamba Wamarekani wanataka kumpa mtoto uongozi, na kabla ya kumpa wanakuja kwake kuuliza habari zake. Mama akaelewa vizuri sana. Aliniambia nitafute kitenge chake cha Pasaka.

Siku yenyewe ilikuwa jioni kwetu, asubuhi kwao. Mama alitandika kitambaa cha kufuma kwenye kiti cha wageni, akaagiza simu iwekwe pale, imeegemezwa kwenye jagi. Alinifanya nichemshe chai, na kikombe kimoja kiliwekwa mbele ya simu. Mume wangu alikaa pembeni kuangalia bando lisikatike. Akatokea mama wa Kizungu mwenye mvi fupi na uso mwema, na pembeni yake mkalimani, kijana mwenye Kiswahili cha Nairobi. Mama akapiga magoti kidogo, akapiga makofi, akasalimia "mwidiwe" kwa urefu wote, akauliza habari za nyumbani kwao, mvua, watoto, ng'ombe. Yule mama alijibu yote kwa subira, hata la ng'ombe.

Kisha akauliza: angemwelezaje binti yake, tabia yake, na anavyoishi na watu.

Mama akanyoosha mgongo. Alikuwa anazungumza Kiha, mimi nageuza kwa Kiswahili, kijana anageuza kwa Kiingereza.

"Huyu mtoto ni mvivu," mama alisema. "Ni mbishi. Ukimtuma maji anarudi na hadithi. Kukaa na watu hajui, na cha mtu ukimpa akutunzie, andika kimepotea. Mimi mwenyewe watoto wangu nisingemwachia."

Niligeuza lote. Wala sikuona kasoro. Nilikuwa nafurahi kwamba mama bado anayakumbuka maneno vizuri hivyo. Mume wangu alianza kukohoa. Nikamtupia jicho atulie, kuna wageni. Akakohoa zaidi, akanifinya.

Yule mama wa Kizungu aliandika kitu. Aliinua uso, akauliza polepole kama mama ana maana kwamba binti yake hafai kazi hiyo. Mama alipendezwa sana. Mgeni anayekazia swali ni mgeni mwenye nia.

"Hafai," alisema. "Na mkimchukua, msije mkasema sikuwaambia."

Mama wa Kizungu akashukuru, akasema amesikia yote, akatutakia jioni njema, na uso wake ukatoweka. Mume wangu akashika kichwa kwa mikono miwili. Mama yeye alibaki amekaa, anakitazama kiti cha wageni, mikono ameitayarisha mapajani kwa ajili ya makofi. Alingoja. Mwishowe aliniuliza kama simu imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, wamemaliza.

"Hawajajibu," mama alisema.

Hakula jioni ile. Mimi na mume wangu tuligombana jikoni kwa kunong'ona. Yeye akisema nimemchongea shemeji yake, mimi nikisema nilitafsiri tu, na yeye kwa nini alikohoa badala ya kusema. Lakini kilichoniumiza ni mama. Kwake yeye, watu walikuja hadi nyumbani kwake, wakasikiliza aibu zote za mtoto wake, wakaondoka bila kumpokea. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwetu. Asubuhi aliniambia nimwambie mtoto arudi nyumbani, wale hawamtaki, na nyumba ya Busunzu bado ina paa.

Mdogo wangu alipiga baada ya siku chache. Sikuwahi kumsikia ametulia vile. Aliniambia kuna mbunge mmoja katika kamati ambaye tangu mwanzo hamtaki, na sasa ameshika maneno hayo kama fimbo: mzazi wake mwenyewe asema watoto wasiachwe kwake. Alisema mama angeweza kusema tu kwamba hajisikii kuongea, ingetosha. Nikamweleza, na nilieleza vizuri: habari ya kumshusha mtoto, habari ya jibu, habari ya mume wangu kutoka nje. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, najua mama anavyonisema," alinijibu. "Si mara ya kwanza kumsikia."

Akakata. Nilimkasirikia sana. Siku ile nilikata vitunguu kama vimenikosea, na mteja mmoja aliyelalamika kwamba chapati ni ndogo alijuta kuzaliwa. Si mara ya kwanza, maana yake nini? Amemsikia wapi, na lini, mtu aliyeondoka mtoto? Niliona ni maringo ya Marekani tu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu kwamba tumemharibia, na yeye, tangu shangazi afariki, hana wengine zaidi yetu.

Aliyetuokoa ni Mpare. Watu hutania kwamba Mpare hatafuti amani, anatafuta kesi, na mimi nimemtania hivyo tangu tuoane. Lakini kuna siku unaihitaji tabia hiyo nyumbani. Aliomba kupitia mdogo wangu asikilizwe na yule mama wa uchunguzi kama shahidi. Akavaa tai. Akakaa mbele ya simu na kueleza, kwa Kiingereza chake cha miradi ya maji, jinsi alivyokwenda Busunzu kuposa. Jinsi alivyoambiwa mke wake mtarajiwa ni mvivu, akilala haamki, chumvi haijui. Jinsi yeye na baba yake mdogo walivyotoka nje hadi karibu na choo. Na kwamba baada ya kuishi na mwanamke huyo miaka yote hii anaweza kula kiapo kwamba chumvi anaijua. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia yule mama wa Kizungu anacheka, akijaribu kujizuia na kushindwa.

Kisha akaomba kumwona mama. Mama hakutaka kutoka chumbani. Alisema hana la kuwaambia watu wasiojibu. Nikamsihi, nikamletea kitenge, akatoka amenuna, akakaa bila kupiga magoti. Yule mama alimwomba radhi. Alisema aliondoka bila kujibu kwa sababu hakujua kwamba anangojwa. Alisema hawezi kuisemea kamati, hiyo ina mamlaka yake, lakini yeye amezungumza na watu wengi waliofanya kazi na binti huyu, na kwa niaba yake na yao anaweza kusema: wanamtaka hivyo hivyo alivyo.

Mkalimani aligeuza, nami nikageuza. Mama akapiga makofi taratibu, mara kadhaa, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. Baadaye mume wangu alitaka kutueleza kwamba kisheria jibu lile halina nguvu, nikamwambia aende akavue tai.

Kamati ilikaa, maelezo yakasomwa, yule mbunge akapinga peke yake, na mdogo wangu akapita. Alitutumia ujumbe mfupi wa kutuambia na kutushukuru. Alisema kabla ya kuapa atakuja, maana baada ya hapo hatapata nafasi. Nilifurahi, lakini ujumbe ule ulikuwa wa mtu anayemwandikia mwenye nyumba.

Alikuja kiangazi. Mwanamke mzima, mvi mbili tatu juu ya paji la uso, anatembea kama shangazi. Alimletea mama koti zuri la baridi. Na hakukaa. Nasema hakukaa: kila nikigeuka anafagia, anaosha sufuria, anakaanga, anabeba ndoo ya maji kutoka mbali wakati bomba liko hatua mbili tu. Anaamka kabla yangu, mimi ninayewahi kuwasha moto wa stendi. Nilimwambia kaa basi, umekuja kupumzika, wewe ni mkubwa wa serikali. Alicheka kidogo akasema hataki kuonekana mvivu. Mama alikuwa anamtazama tu kutoka kwenye kiti chake, na wote wawili walikuwa wapole sana, wanapishana mlangoni kama wageni.

Mama ndiye aliyetaka twende Busunzu. Tukakodi gari, tukashika barabara ya Kibondo, muhogo mweupe umeanikwa kandokando, vumbi la kiangazi limepaka migomba rangi ya udongo. Nyumba yetu ipo; siku hizi ndugu zetu wanaitumia kuhifadhia mavuno. Kulikuwa na rundo la maharage kwenye maganda yake uani, karibu na mlango. Mdogo wangu alisimama akayatazama. Kisha akachuchumaa palepale ukutani, chini ya dirisha, akachukua ganda moja.

"Nilikuwa hapa," aliniambia. "Siku shangazi alipokuja. Nilikuwa napukuchua maharage. Nikamsikia mama anamwambia mimi ni mvivu, ni mbishi, sina faida, kama ananitaka anichukue. Nikaenda kunawa miguu, nikakaa kwenye gari. Niliogopa nikichelewa shangazi naye atanikataa."

Mama alikuwa nyuma yetu. Kiswahili anakisikia vizuri, anachokosa ni hamu ya kukisema. Alinigeukia mimi, si yeye, akaniuliza kwa Kiha.

"Hakusikia jibu?"

Nikamwambia hakusikia. Ni mimi niliyemwambia mdogo wangu, maana nilikuwa ndani na chai na nilisikia yote: kwamba shangazi hakungoja hata mama amalize. Alisema, "Turamushaka uko ari," tunamtaka hivyo alivyo, akasema mara ya pili, na mama akapiga makofi mpaka chai ikapoa. Wakatoka nje kumwita mtoto aje aambiwe, wakamkuta ameshakaa garini.

"Nami nikasema una haraka ya Marekani," mama alisema, safari hii kwa Kiswahili. "Miaka yote nimesema hivyo."

Mdogo wangu alikuwa na ganda mkononi, halipasui. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, ndiyo tabia yangu, na sikukipata.

Mama akaingia ndani, akatoka na vigoda viwili. Kimoja akakiweka karibu na mlango, mahali pa mwenye nyumba. Kingine akakiweka upande wa pili wa ua, mahali pa wageni, kama kule ndani alikokaa shangazi, na baadaye yule aliyetoka nje. Akaniashiria nikae mlangoni. Nikasema mama, pale ni pako. Akasema kaa. Halafu yeye, na miguu yake ile inayomsumbua, akavuka ua, akakaa kwenye kigoda cha wageni, akafunika magoti na kitenge.

"Nimekuja kuomba," alisema. "Sema habari zake."

Nikasema. Mungu anisamehe, nilikuwa na mengi. Nikasema huyu mtoto ni mvivu, anafagia palipofagiliwa ili asikae na watu. Ni mbishi, kazi yake ni kubishana na mahakimu. Simu anapiga akitaka, hakati kwa adabu. Anamshukuru dada yake kwa ujumbe kama anamwandikia benki. Mdogo wangu alianza kucheka, na kucheka kule kukageuka, akainamisha uso kwenye magoti. Nikaendelea tu, kwa sababu desturi ni kumaliza.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni mzazi, na mzazi kwetu ni wa kutoa. Jibu hili maisha yake yote alikuwa amelisikia tu kwa watu wengine.

"Ninamtaka," alisema. "Hivyo hivyo alivyo."

Kwa kuwa nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake, makofi yalikuwa ni yangu kuyapiga. Niliyapiga taratibu, kama yanavyopigwa.

Jua lilikuwa linaondoka na dereva alitaka tuifikie Kasulu mapema. Akapiga honi. Nikainuka, nikamsaidia mama kuinuka, tukakusanya vigoda. Mdogo wangu alibaki amekaa chini ya dirisha, miguu imejaa vumbi, maharage yamejaa mapajani mwake, anapukuchua polepole kama mtu asiye na kazi popote duniani. Dereva akapiga honi tena.

Mama alimpungia mkono dereva anyamaze. "Msubiri," alisema. "Kila mtu nimemwambia kwamba ni mvivu."